Mama, siku yako ni ipi?

Jumatatu ni siku ya mapumziko kwa mapadri wengi. Jumapili tunaadhimisha Misa mbili au tatu, tunabatiza, tunasikiliza watu mpaka jioni. Jumatatu tunafua, tunalala kidogo, tunawapigia simu wazazi. Jumatatu moja, miaka kadhaa iliyopita, nilipokuwa paroko mkoani Morogoro, nilikuwa nimekaa barazani nikimenya chungwa, mama mmoja akaingia getini. Alikuwa na umri wa miaka 51. Sitamtaja jina, na yeye mwenyewe ameniruhusu nisimulie.

“Tumsifu Yesu Kristo, Padri.”

“Milele na milele, amina. Karibu mama. Leo ofisi imefungwa, lakini karibu.”

Akaketi. Kwapani alikuwa na kaunta buku mbili. Moja ilikuwa ya WAWATA, maana alikuwa mhazini wa chama hicho parokiani. Akaiweka mezani, akasema amekuja kuirudisha, tumtafute mtu mwingine. Nikadhani amegombana na wenzake, kwa kuwa hayo hutokea hata katika vyama vya kitume. Nikaanza kumbembeleza kwa maneno tuliyoyazoea mapadri: utumishi, sadaka, mfano kwa mabinti zetu. Alinisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema kwa sauti ya chini:

“Padri, wewe una Jumatatu. Mimi siku yangu ni ipi?”

Ndugu msomaji, nilisoma falsafa na teolojia seminarini kwa miaka saba, lakini swali hilo halikuwamo katika mtihani wowote. Niliweka chungwa chini.

Mpambanaji asiye na kitu

Mtaani walimwita mpambanaji. Alianza akiwa na miaka thelathini na ushei, kwa sufuria moja ya wali na moja ya maharage karibu na stendi. Mkono wake ulijua kupika, wateja wakaja. Kwa miaka ishirini akaongeza moja baada ya nyingine: genge la pili la chakula, duka dogo la vitenge, viti na maturubai ya kukodisha kwenye harusi na misiba, oda za keki, na pikipiki aliyompa kijana kwa mkataba. Alikuwa kwenye VICOBA viwili na mchezo mmoja wa kupeana kila wiki. Aliamka saa tisa usiku, akalala saa tano.

Msidhani alikuwa na tamaa. Kila biashara ilizaliwa kwa sababu yake. Duka lilifunguliwa mtoto wa kwanza alipoingia chuo. Viti vilinunuliwa kwa mkopo mume alipopunguzwa kazi. Pikipiki ilinunuliwa kwa mkopo mwingine ili isaidie kulipa mkopo wa viti. Hivyo ndivyo mzigo unavyopanda kichwani mwa mama, kifurushi kimoja baada ya kingine, na kila kifurushi kina jina la mtu anayempenda.

Wanawake wa umri huo wanaosoma gazeti hili baada ya Misa wananielewa. Ukifika miaka 50, watoto wakubwa bado wanapiga simu mwisho wa mwezi, wajukuu wameanza kuletwa, wazazi na wakwe wamezeeka na dawa zao hazikatiki. Mwili nao unabadilika. Hedhi inakoma, usingizi unakatika, joto linapanda katikati ya usiku, magoti yanaanza kudai haki yao. Mwili wa miaka 51 si mwili wa miaka 30, lakini biashara haisomi cheti cha kuzaliwa. Mama huyu alikuwa ameambiwa zahanati kwamba shinikizo lake la damu liko juu na anahitaji kupumzika. Alicheka. Apumzike saa ngapi?

Akafungua kaunta buku ya pili, ya kwake. Ukurasa wa kushoto aliandika wanaomdai, ukurasa wa kulia aliandika anaowadai. Kushoto kulikuwa na taasisi mbili za mikopo, VICOBA, na mkopeshaji mmoja wa mikopo ile ambayo mitaani tunaiita kausha damu. Kulia kulikuwa na majina ya waliochukua vitenge na kuahidi mwisho wa mwezi, na familia zilizokodi maturubai kwenye msiba na hazikuonekana tena. Katikati ya ukurasa huo wa kulia nikasoma: “Parokia, chakula cha jubilei.” Tarehe ilikuwa ya miezi minne nyuma.

Deni hilo nililijua. Oda niliisaini mimi. Tulifanya jubilei, tukalisha wageni, tukampigia mama makofi na vigelegele, tukamwambia Mungu atambariki. Kila alipokuja kuulizia fedha, aliambiwa asubiri michango ikamilike. Na ili kununua mchele na nyama ya sherehe yetu, yeye alikwenda kwa kausha damu. Paroko alikuwa akihubiri juu ya haki, na muumini wake alikuwa akilipa riba ya sherehe ya paroko.

Kitabu cha Kumbukumbu la Torati, sura ya 24, kinaagiza kwamba kibarua maskini alipwe ujira wake siku ile ile, kabla jua halijatua, kwa sababu moyo wake umeutegemea. Kwetu jua lilikuwa limetua karibu mara mia na ishirini.

Una nini ndani ya nyumba?

Sikumpa hotuba. Niliomba radhi, nikampigia simu mhasibu wa parokia, na wiki ile tukamlipa. Kisha nikamwomba turudi kwenye Maandiko pamoja, maana nilikumbuka mwanamke mwingine aliyekuja kwa mtu wa Mungu akiwa na madeni.

Habari zake zimo katika Kitabu cha Pili cha Wafalme, sura ya 4, aya saba za mwanzo tu. Ni mjane. Mumewe alikuwa mmoja wa wanafunzi wa manabii. Amekufa na kumwachia deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Anamlilia nabii Elisha. Elisha anamuuliza ana nini ndani ya nyumba. Anajibu kwamba hana kitu, ila chupa ya mafuta. Nabii anamwambia aombe kwa majirani vyombo vitupu, vingi, aingie ndani na wanawe, afunge mlango, amimine. Anamimina, watoto wanaleta vyombo, mpaka vyombo vinakwisha. Mafuta yanakoma. Nabii anampa agizo la mwisho: auze mafuta, alipe deni, kisha yeye na wanawe waishi kwa kile kitakachobaki.

Nimehubiri juu ya muujiza huo mara nyingi, nikisifu wingi wa mafuta. Siku ile, na kaunta buku iko wazi mezani, niliona mambo ambayo sikuwa nimeyaona.

Niliona kwanza kwamba nabii alianza na kilichokuwamo ndani. Hakumuuliza jirani anafanya biashara gani. Mama zetu wengi wanafungua biashara ya tatu kwa sababu shoga yake mtaa wa pili amefungua. Una nini wewe? Mkono wako unajua nini? Chupa yako ya mafuta ni ipi?

Tena, mjane yule aliazima vyombo, hakuazima fedha. Alikuwa tayari anadaiwa, na nabii hakumponya kwa deni jingine. Alimtuma kwa majirani kutafuta vitu vilivyokuwa vimekaa bure majumbani mwao. Kuna msaada mwingi unaokaa bure katika jumuiya zetu ndogo ndogo: friji lisilojaa, baraza isiyotumika, kijana anayejua hesabu, mtu mwenye gari linalokwenda sokoni likiwa tupu.

Zaidi ya hayo, mlango ulifungwa. Kazi ile ilifanyika bila watazamaji, bila makofi, bila picha za simu. Mama wa Kitanzania anabeba mzigo mwingine usioandikwa kwenye daftari, nao ni mzigo wa kuonekana anaendelea. Tunaogopa watu watasema ameporomoka. Nabii alijua kwamba kuna kazi haziwezi kufanyika mlango ukiwa wazi.

La mwisho ndilo lililomfanya yule mama atikise kichwa. Mafuta yalikoma vyombo vilipokwisha, na hakuna aliyelia. Nabii hakumwambia akaazime vyombo vingine kwa awamu ya pili. Alimwambia auze, alipe, aishi. Tazama mpangilio huo. Sisi wengi tunauza, tunaongeza, tunakopa, tunauza tena, na neno “kuishi” tunaliweka mwisho kabisa, tukizeeka, tukipata nafasi. Nafasi yenyewe haiji.

Biashara moja mama, tano watoto

Parokiani alikuwapo mzee mmoja, mhasibu mstaafu. Alimpa yule mama kazi rahisi: kwa mwezi mmoja, kila biashara iwe na bahasha yake na ukurasa wake. Fedha ya wali isinunue sukari ya keki. Fedha ya vitenge isilipe kodi ya genge. Na saa zake mwenyewe aziandike, kama anavyoandika kilo za mchele.

Mwezi ulipokwisha walikaa pamoja, mama, mumewe na yule mzee. Genge la kwanza, lile la sufuria mbili, ndilo lililokuwa likilisha nyumba nzima. Genge la pili lilikuwa likilipa kodi na mishahara yake tu. Viti vilileta fedha Jumamosi na kuzila Jumatatu kwa usafiri, vijana wa kubeba na viti vilivyovunjika. Vitenge vilikuwa vimelala kwenye madeni ya wateja. Keki zilionekana kuwa na faida mpaka saa zake za usiku zilipoandikwa, zikawa hasara. Pikipiki ilikuwa imebakiza miezi michache ya mkataba. Mzee akavua miwani akasema, “Mama, hapa una biashara moja ambayo ni mama, na tano ambazo ni watoto wananyonya.”

Wahenga walisema mshika mbili moja humponyoka. Huyu alikuwa ameshika sita.

Alichofanya hakikuwa cha ajabu, lakini kilihitaji moyo. Aliuza viti na maturubai, akamaliza kausha damu na mkopo mmoja. Genge la pili alimwachia binti aliyekuwa akimfanyia kazi pale kwa miaka mingi, amlipe vyombo kidogo kidogo. Vitenge aliviuza kwa bei ya kununulia, fedha taslimu, akafunga duka. Keki aliacha, isipokuwa za wajukuu. Mkataba wa pikipiki aliuacha uishe, kijana akaondoka nayo kwa heshima. Akabaki na genge moja. Hapo napo akapunguza: vyakula vinane vikawa vinne, vile anavyovipika vizuri kuliko mtu yeyote pale stendi. Anafungua saa kumi na mbili asubuhi kwa chapati na supu, anafunga saa nane mchana. Mteja akitaka mkopo, ni wa wiki moja, na asipolipa hapewi tena. Jumapili hafungui.

Mboga anazichukua kwa mkulima mmoja wa Mgeta, mama mwenzake, kila wiki kiasi kile kile, kwa bei waliyokubaliana, hivyo hahangaiki na bei ya dalali. Wateja wa kubeba wanakuja na mabakuli yao. Mifuko ya plastiki ilikwisha kupigwa marufuku nchini tangu tarehe 1 Juni 2019, naye ameona kwamba bakuli la mteja ni bora kuliko kifungashio chochote cha kununua. Mabaki yanakwenda kwa mfugaji. Maharage anayaloweka usiku ili yaive haraka, na mkaa amepunguza kwa kuwa sehemu kubwa ya mapishi sasa ni ya gesi. Aliniambia anafanya hivyo ili kubana matumizi. Nikamwambia anafanya pia jambo jingine. Mvua inayonyesha kwenye misitu ya milima ya Uluguru ndiyo inayolisha mto Ruvu, na mto huo unanywesha jiji la Dar es Salaam. Gunia la mkaa linapobaki bila kuchomwa, mtu asiyemjua ana maji. Papa Fransisko, katika waraka wake Laudato Si’ wa mwaka 2015, alifundisha kwamba kuishi kwa kiasi, tukikuchagua kwa hiari, kunamweka mtu huru. Mama huyu hajausoma waraka huo. Anauishi akiwa na mwiko mkononi.

Sitaki niwadanganye kwamba yote yalikuwa mepesi. Miezi ya mwanzo fedha ilipungua kweli. Watu walisema ameporomoka. Mume aliona aibu na kwa muda hakupita stendi. Mkopo wa pili ulichukua mwaka mzima kwisha. Binti yao wa mwisho alihamishwa kutoka shule ya binafsi ya bweni kwenda shule ya serikali ya kutwa, akalia, na hakumsamehe mama yake upesi. Kupunguza mzigo nako kuna gharama, na mara nyingine gharama hiyo inaangukia hata wasiobeba mzigo. Lakini binti yule alianza kumkuta mama yake nyumbani jioni, akiwa macho. Kabla ya hapo alikuwa akimkuta amelala kwenye kiti, kitambaa bado kichwani.

Na talanta je?

Msomaji mmoja ataniuliza: Padri, mbona Bwana alimkemea yule aliyefukia talanta yake? Je, huwafundishi wanawake uvivu wakati wanaanza kuinuka?

Ni swali zuri, na nisingependa mwanaume yeyote akate makala hii kwenye gazeti ampelekee mkewe kama amri ya kufunga duka. Wanawake wenye kipaji cha kuendesha kampuni kubwa wapo, na Mungu awazidishie. Lakini someni vizuri sura ya 25 ya Injili ya Matayo. Bwana yule aligawa talanta tano, mbili na moja, kila mtu kwa kadiri ya uwezo wake. Aliyepewa mbili alirudi na mbili zaidi. Hakuulizwa kwa nini hazikuwa tano. Na sifa aliyopewa ni ile ile, neno kwa neno, aliyopewa mwenye tano. Aliyekemewa ni yule aliyefukia kwa hofu. Mama anayepika vyakula vinne kwa ustadi, analipa madeni, na kumwachia binti mwingine genge la kuanzia maisha, hajafukia kitu.

Kanisa nalo limefundisha hivyo. Mtakatifu Yohane Paulo II, katika Laborem Exercens ya mwaka 1981, alieleza kwamba kazi ipo kwa ajili ya mtu, mtu hakuumbwa kwa ajili ya kazi. Miaka kumi baadaye, katika Centesimus Annus, alikubali kwamba faida ni jambo halali na ni dalili kwamba biashara inakwenda vizuri, lakini akaonya kwamba hesabu zinaweza kuwa sawa huku watu wenyewe, ambao ndio mali kubwa, wakiumizwa. Tulizoea kusoma maneno hayo tukiwafikiria wenye viwanda. Mama mwenye genge ni mwajiri pia, na mfanyakazi anayemtesa kuliko wote huwa ni yeye mwenyewe.

Mtakatifu mwenye duka

Tunao mtakatifu wa kumwomba. Zélie Martin, mama yake Mtakatifu Theresia wa Mtoto Yesu, alizaliwa mwaka 1831 na akaishi katika mji wa Alençon, Ufaransa. Alikuwa mfanyabiashara. Alitengeneza lesi maarufu ya mji huo, inayofumwa kwa sindano vipande vipande. Wanawake walifuma majumbani mwao, wakaleta vipande kwake siku ya Alhamisi, naye akaviunganisha kwa mkono. Alizaa watoto tisa na kuzika wanne wakiwa wadogo. Katika barua zake hakuficha kwamba biashara ile ilimchosha na kumfanya maisha yawe magumu. Watakatifu nao huchoka, tena huandika kwamba wamechoka.

Mumewe, Louis, alikuwa fundi saa mwenye duka lake. Duka hilo lilifungwa Jumapili, ingawa Jumapili ilikuwa siku nzuri ya wateja. Mwaka 1870 aliacha biashara yake ya saa ili aisaidie ya mkewe. Wanaume wenzangu, tulieni hapo kidogo. Mume aliona biashara ya mkewe ndiyo inayobeba nyumba, akaweka chini ya kwake, akaenda kushika daftari na kusafirisha oda. Zélie alifariki mwaka 1877 kwa saratani ya titi, akiwa na miaka 45. Tarehe 18 Oktoba 2015 yeye na Louis walitangazwa watakatifu siku moja. Kama mkeo anaamka saa tisa usiku na wewe unaamka saa moja ukauliza chai iko wapi, mwombe Mtakatifu Louis akuombee.

Machache ya kwenda nayo nyumbani

Ninajua baadhi yenu mnataka niseme la kufanya. Mimi si mwalimu wa biashara, lakini maungamo na vikao vya kanisa vimenifundisha machache.

Mama, tenganisha mfuko wa biashara na mfuko wa nyumba. Hata laini ya simu iwe yake. Jilipe mshahara, hata mdogo, kisha uuheshimu. Usipojilipa, nyumba nzima itakula mtaji na kila mtu atashangaa umekwenda wapi.

Kuhusu mikopo, kukopa harusi, kulipa matanga. Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018 inamtaka mkopeshaji awe na leseni, na inavitaka vikundi kama VICOBA visajiliwe. Omba kuiona leseni. Soma mkataba kabla ya kusaini, na usimwachie mtu kadi yako ya benki. Halmashauri zetu hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: asilimia 4 kwa vikundi vya wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Hiyo ni afadhali. Lakini hata mkopo usio na riba ni mkopo. Kabla ya kuuchukua, jiulize kama unakwenda kuongeza mafuta au unakwenda kuziba pengo la mkopo mwingine.

Linda siku moja. Katika sura ya 16 ya Kitabu cha Kutoka, Waisraeli waliokota mana kila asubuhi, siku ya sita wakaokota mara mbili, siku ya saba haikushuka. Waliotoka siku hiyo na vikapu vyao walirudi navyo vitupu. Na Lidia, yule muuza vitambaa vya zambarau kutoka Thiatira, Mtume Paulo hakumkuta dukani. Alimkuta Sabato, kando ya mto, mahali pa sala, pamoja na wanawake wengine. Bwana akamfungua moyo siku aliyoacha mizani nyumbani.

Mwisho, tafuta mtu wa kumwachia sehemu ya mzigo. Musa alikuwa akiwaamua watu tangu asubuhi mpaka jioni. Mkwewe Yethro alimtazama na kumwambia wazi kwamba analofanya si jema, atajichosha yeye na watu wake. Alimfundisha kugawa kazi. Kila mama mpambanaji anahitaji Yethro mmoja mwenye ujasiri wa kumwambia hivyo, na kila Yethro asiishie kusema, ashike na upande mmoja wa mzigo.

Kwetu sisi wenye kanzu

Siwezi kumaliza bila kugeukia upande wetu. WAWATA ilianzishwa mwaka 1972, na mwaka 2022 ilisherehekea jubilei ya miaka 50. Ni nani asiyejua kwamba parokia nyingi zimejengwa kwa jasho la mama hawa? Tunapotaka kupaka rangi kanisa tunawaita. Askofu akija tunawaita wapike. Kuna mchango wa jumuiya, wa kigango, wa parokia, wa seminari, wa zawadi ya padri anayehama na wa padri anayekuja. Kila mchango una sababu nzuri, kama vile kila mkopo wa yule mama ulivyokuwa na sababu nzuri.

Baada ya Jumatatu ile, Halmashauri Walei ya parokia yetu ilipitisha mambo mawili. Oda yoyote ya parokia italipwa nusu kabla na nusu ndani ya siku 14. Na hatutaanzisha mchango mpya kabla ya uliopo kufungwa na hesabu zake kusomwa mbele ya waumini. Baadhi walinung’unika kwamba maendeleo yatachelewa. Yalichelewa. Uzio wa parokia ulikwisha miaka miwili baadaye kuliko tulivyopanga, na hakuna aliyekwenda kwa kausha damu kwa ajili ya uzio huo.

Nilihamishwa parokia. Mwaka jana nilipita Morogoro, nikashuka stendi kabla ya saa nane, nikala wali kwa yule mama. Genge ni lile lile. Amekuwa mnene kidogo, shinikizo la damu bado analo, dawa anakunywa. Hana duka, hana viti, hana pikipiki. Hana deni. Uhazini wa WAWATA hakurudi. Yuko kwaya, sauti ya pili, jambo ambalo alilitamani tangu ujana.

Nilipotaka kulipa akakataa. Nikamwambia hapana, mama, mimi na wewe tulishakubaliana habari za kulipa. Akacheka, akapokea. Kisha nikamuuliza kile alichoniuliza barazani: “Sasa mama, siku yako ni ipi?”

“Jumapili ni ya Mungu na ya nyumbani,” akasema. “Jumatano mchana ni yangu. Nalala.”

Ndugu msomaji, leo ni Jumapili. Kama wewe ni mama na unasoma haya huku ukipiga hesabu za kesho, nakuomba uifunge kaunta buku mpaka jua litue. Kama wewe ni mume, mtoto au padri, muulize mama aliye karibu nawe siku yake ni ipi, na usiondoke kabla hajajibu. Mungu, aliyepumzika siku ya saba na hakupungukiwa kitu, awabariki mama zetu wote, kazi za mikono yao na usingizi wao. Amina.